Siku Mama Alipopanda Mtumbwi

Msimu wa pamba ukifika hapa Bariadi, malori hupita mbele ya nyumba yangu yamejaa pomoni, na nyuzi za pamba hunasa kwenye miti ya uzio zikabaki huko hadi mvua izioshe. Wenzangu wa rika langu wakinusa pamba mbichi hukumbuka shamba: mgongo unavyouma, vidole vinavyochomwa na vitumba vikavu. Mimi nakumbuka ziwa. Pale Kalemela tulipokuwa tunaishi, fundi wa mitumbwi alichukua pamba, akaichovya kwenye mawese, akaisokomeza katikati ya mbao kwa patasi na nyundo ili maji yasipenye. Mtumbwi wetu ulinuka pamba, mawese na magamba ya samaki, na baba naye alinuka hivyo hivyo hata akiwa ameoga na kuvaa shati la kanisani.

Juzi jirani yangu alikuwa anakaanga mihogo kwa mawese, lori la pamba likapita, harufu zile mbili zikakutana mlangoni kwangu. Nikasimama na ufagio mkononi, nikamwona mama amekaa nyuma ya mtumbwi, kanga ameifunga kifuani, kasia amelishika kama mtu aliyeshika mwiko wa ugali.

Mama hakuwa mtu wa maji. Alizaliwa Lalago kwa watu wa ng'ombe na pamba, na maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa lambo la kunyweshea mifugo. Baba, Masanja, alitoka Migato, nako hakuna ziwa, lakini yeye alilifuata ziwa akiwa kijana na likamkubali. Walipooana wakajenga Kalemela. Mama alilima mahindi na mihogo mlimani, baba alivua. Mama alishuka mwaloni, pale mitumbwi inapotua, kuchukua samaki tu, na hata hapo alisimama pale mchanga unapokauka, akanyoosha beseni.

Nilikuwa darasa la pili, na nilikuwa na kazi nyumbani ambayo niliiona ni cheo. Nilikuwa mpeleka maneno. Baba na mama hawakuzungumza. Mama akipakua ugali alisema, "Minza, mwambie baba yako chakula tayari," na baba amekaa kwenye kigoda pale pale, ukinyoosha mkono unamgusa. Mimi namgeukia, "Baba, mama anasema chakula tayari." Baba anajibu, "Mwambie nimesikia." Ninamgeukia mama, "Mama, baba anasema amesikia."

Sikuona ajabu. Nilidhani ndivyo watu wazima wanavyokuwa wakishakaa pamoja muda mrefu, kwamba maneno ya mume na mke huisha kama meno ya utoto yanavyong'oka, na ndiyo maana watu huzaa watoto. Nilijitahidi kuifanya kazi yangu vizuri. Mama akisema, "Mwulize kama hizo kuni atapasua au zitajipasua," mimi nilimwambia baba, "Mama anaomba upasue kuni tafadhali." Baba alinitazama, akaenda kupasua. Nilijisifu moyoni.

Tulikuwa pia na mdogo wangu, Mabula, aliyekuwa bado anatambaa. Alipata homa. Nilibaki kwa jirani yetu Mama Hadija, mwenye duka la sukari na sabuni, wakati baba na mama wakimpeleka Migato kwa bibi mzaa baba. Waliporudi walirudi wawili. Nilipouliza, mama aliingia ndani, baba akasema, "Mabula yuko kwa bibi." Niliridhika. Bibi alikuwa na ng'ombe wa maziwa, sisi hatukuwa naye. Nilijua Mabula anakunywa maziwa mpaka anacheua, na nilimwonea wivu kidogo. Kazi yangu ya kupeleka maneno ilianza siku zile zile, ila sikuyaunganisha mambo hayo mawili.

Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Baba alikuwa ametega nyavu jioni, na asubuhi alitakiwa kwenda kuzitegua na mwenzake Bahati. Bahati hakuja. Alikuja mke wake kusema mumewe amelala na malaria, anatetemeka hata uji hauingii. Baba akazunguka mwalo mzima kutafuta mtu, lakini kila mtu alikuwa na chombo chake na wenzake wameshaondoka. Peke yake asingeweza. Kutegua nyavu kunataka watu wawili: mmoja anavuta, mwingine anashika mtumbwi kwa kasia usikimbie na upepo. Na nyavu zikiachwa siku nzima, samaki wanaharibika, au mtu mwingine anazitegua kwa niaba yako.

Alirudi nyumbani akasimama mlangoni. Mama alikuwa anapepeta mahindi.

"Minza," mama akasema bila kuinua kichwa, "mwambie baba yako nitakwenda mimi."

"Baba, mama anasema atakwenda yeye."

"Mwambie mama yako mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvulia."

"Mama, baba anasema mwanamke hapandi."

"Mwulize, nyavu zitajitegua?"

Hapo nilishindwa kuweka tafadhali. Nikauliza kama ilivyo. Baba akajikuna shingo, akatazama ziwa, akatazama tena mlango wa Bahati ulio upande wa pili wa njia. Kisha akachukua kasia la pili lililoegemea ukuta, akalilaza chini mbele ya miguu ya mama. Mama Hadija alikuwa amekwenda mnadani na duka limefungwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniachia. Mama akafunga michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, akajaza maji kwenye dumu dogo, tukashuka watatu.

Pale mwaloni alikuwepo Mzee Lugata, ambaye hakuvua tena lakini aliamka kila siku kusimamia mambo yasiyomhusu. Mama alimwinamia kidogo, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka." Kisha akamgeukia baba. "Masanja, unampeleka wapi mkeo?"

"Kutegua nyavu."

"Unajua ziwa halitaki hivyo. Samaki watakimbia."

"Wakikimbia nitawaona," baba akasema, akasukuma mtumbwi.

Mama aliingia kwa magoti. Nakumbuka alivyoshika mbao za pembeni kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, na midomo inakwenda. Baba alimweka nyuma, mimi katikati, yeye akakaa mbele akapiga kasia kwa nguvu za watu wawili. Maji yalikuwa yametulia kama sahani. Nyumba yetu ikawa ndogo, ikawa kama kiberiti, na mlima wa nyuma yake ambao sikuzote niliuona mkubwa nao ukapungua. Nilichovya kidole, nikalamba. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba maji makubwa yana chumvi. Hayakuwa na chumvi. Nilimwambia mama kwamba mwalimu amekosea; mama akafumbua macho kwa mara ya kwanza, akasema, "Huyo alisema bahari, mwanangu, ng'wanawane. Shika vizuri hapo."

Tulipofika kwenye maboya upepo mdogo ulikuwa umeanza. Baba akasimama, akashika kamba, akaanza kuvuta. Mtumbwi ukageuka ubavu.

"Minza, mwambie mama yako apige upande wa kushoto."

"Mama, baba anasema upige..."

"Kushoto! Mama Minza, kushoto! Kwa nguvu!"

Mama akapiga kushoto. Mtumbwi ukanyooka.

"Sasa acha. Acha tu uelee. Haya, tena kidogo. Hapo hapo."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo."

Nilikaa katikati nikiwaangalia mmoja baada ya mwingine. Wenzangu mtasema nilifurahi. Hapana, nilinuna. Nilijaribu kusema, "Mama anauliza kama hivi ni sawa," na hakuna aliyenisikiliza. Walikuwa wanapokezana maneno juu ya kichwa changu kama watu wanaopokezana matofali, na mimi nimepokonywa kazi bila kosa. Baba akanipa sato wa kwanza nimtupe kwenye kikapu. Nikamtupa kwa hasira.

Samaki hawakukimbia, wala hawakujaa. Walitoka sato wa kutosha, sangara mmoja mrefu kama mkono wangu, na takataka nyingi. Mama alipomwona sangara alisahau kuogopa, akacheka, akasema, "Mdomo kama wa shemeji yako," na baba akacheka mpaka akaachia kamba. Nilikuwa sijawasikia wakicheka siku nyingi, na kicheko kile kiliniudhi pia, maana sikumjua huyo shemeji.

Nyavu zilipokuwa karibu zote ndani, zimejaa maji na nzito kama ndama, tulipumzika kula michembe. Katika kikapu kulikuwa na sato mmoja mdogo sana. Nikamchukua, nikasema:

"Huyu tumpelekee Mabula. Ana meno sasa? Bibi anaweza kumtolea miiba."

Hakuna aliyejibu. Nilidhani ni ule uzito wao wa siku zote umerudi, na kwamba kazi yangu imerudi, nikachangamka. "Baba, mwambie mama tuende Migato tukamwone Mabula. Au mama, mwambie baba."

Mama akaweka chini kipande cha mchembe. "Masanja," akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita baba jina lake. "Mwambie mtoto wako. Mimi nimechoka kubeba."

Baba akatazama maji. "Nilidhani nitamwambia akikua kidogo."

"Nilikwambia zahanati."

"Uliniambia."

"Nilikwambia mara ngapi? Zahanati iko hapa hapa, mtoto anachemka, wewe unasema Migato."

"Uliniambia, Mama Minza. Nilikusikia. Nilishindwa kumkatalia mama yangu. Alituma mtu kwamba mtoto aletwe, dawa ya ukoo ipo, na mimi nikaona nikikataa ni kama namwambia hakunilea vizuri." Aliyasema yote bila kugeuka. "Mtoto wangu nikampeleka mbali na dawa. Nalijua hilo kila ninapokula."

Mama akasema kitu ambacho sijakisahau. "Na mimi ndiye niliyembeba. Miguu ilikuwa yangu. Ningeweza kukaa chini njiani nikagoma. Sikugoma."

"Hukuwa na namna."

"Nilikuwa nayo."

Nilikuwa nimemshika yule sato bado. Nikauliza Mabula yuko wapi. Baba akaja kwa magoti mpaka nilipokaa, mtumbwi ukayumba, akanishika mikono yote miwili pamoja na yule samaki. "Mabula alikufa, Minza. Homa ilimshinda. Tulimzika kule kwa bibi. Sikukwambia kweli."

Nikauliza, "Sasa maziwa yake anakunywa nani?"

Mama alinivuta akanilaza kwenye mapaja yake. Sikulia. Nilikuwa namhesabia Mabula maziwa anayokunywa, naye sasa hakuwepo wa kuyanywa, na akili yangu ilikuwa inazunguka hapo hapo kama kuku aliyefungwa mguu.

Hatukuona wingu. Tungekuwa watu wa kawaida siku ya kawaida, baba angeliona likiwa bado mbali, kwa sababu alilijua ziwa. Alipoinua kichwa, upande wa magharibi maji yalikuwa meusi na mvua imesimama juu yake kama pazia. Akaruka kwenye kasia lake. "Geuza! Piga kulia, piga, piga!"

Upepo ulitufikia kabla hatujamaliza kugeuka. Wimbi la kwanza lilipita pembeni, la pili likaingia. Maji yalikuwa ya baridi na yalinifika kwenye vifundo. Baba akanirushia kopo, "Chota, mwaga nje, usiache!" Nikachota. Kila nilichomwaga kilirudi maradufu. Nyavu zile zilikuwa zimelala katikati, zimekunywa maji, na mtumbwi umezama mpaka karibu na ukingo, pamba ya fundi inatokeza kwenye maungio.

"Tupa nyavu!" mama akapiga kelele.

"Hizi ndizo tunazokula!"

"Masanja, tupa nyavu!"

Baba alimtazama. Ilikuwa kitambo kifupi sana, wimbi moja tu, lakini nakumbuka uso wake, maji yanamchuruzika kwenye nyusi, mdomo wazi. Kisha akaacha kasia, akainama, akakumbatia zile nyavu pamoja na samaki waliokuwa bado wamenasa, akazimwaga ziwani. Akatupa na kikapu. Mtumbwi ukainuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Baada ya hapo ilikuwa ni kazi tu. Baba mbele, mama nyuma, mimi na kopo langu. Baba alisema "sasa", mama akapiga. Mama alisema "linakuja", baba akaegemea upande wa pili. Hapakuwa na mtu wa kupeleka maneno kati yao na pasingekuwa na muda. Mikono ya mama ilichubuka mpaka kasia likawa na damu, na hakuacha. Mvua ilitupiga hadi hatukuona pwani, baba akawa anafuata upepo mgongoni, na tulipotua hatukutua mwaloni, tulitua kwenye matete mbali kidogo, tukavuta mtumbwi kwa miguu hadi mahali pake mwaloni.

Watu walikuwa wamejaa mwaloni wakingoja vyombo vyao. Wote walirudi salama siku ile, wengine na samaki. Mzee Lugata alituona tukija watatu tumelowa, mtumbwi mtupu.

"Nilisema," akatangaza. "Nilisema asubuhi. Mmeona? Nyavu ziko wapi?"

Baba alifunga mtumbwi kwanza. Alikaza kamba, akajaribu fundo, ndipo akasimama. Hakuwa mtu wa maneno mbele za watu. "Nyavu nimezitupa mimi, Mzee Lugata, kwa mikono yangu. Huyu mke wangu aliniambia mapema, ndiyo maana mnatuona. Angekuwa Bahati ningebishana naye mpaka chini."

Bahati mwenyewe alisimulia maneno hayo miaka yote, akicheka, kwamba malaria ilimwokoa.

Nyavu zile hazikupatikana. Baba alivua kwenye vyombo vya watu muda mrefu, na mihogo ya mama ndiyo iliyotuweka hai msimu ule. Alipopata nyavu zake tena, mama alikwenda naye siku ambazo Bahati hayupo, na baadaye hata Bahati akiwepo. Hakujifunza kuogelea. Mzee Lugata alinung'unika, kisha akanung'unika kidogo, kisha akaanza kumwagiza mama sato wa kukaanga.

Lakini kabla ya hayo yote tulikwenda Migato. Ilikuwa siku chache baada ya dhoruba, mikono ya mama bado imefungwa vitambaa. Mama alikuwa ameapa kutokanyaga tena kwa mkwe wake, na mimi sikujua, nilishangaa tu mbona anatembea polepole tulivyokaribia. Bibi alikuwa anaanika mtama uani. Alipotuona alinyooka, akamtazama mama, hata salamu hakungoja.

"Nilijua utakuja kunitukana," akasema.

"Nimemleta Minza aone alipo mdogo wake."

Bibi alitikisa kichwa taratibu. "Nilimpa dawa ileile niliyowapa wanangu wote. Huyu Masanja alikuwa na homa kama ile, akapona." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi akiwa peke yake. "Ileile."

Baba alifungua mdomo. Mama akamgusa mkono.

Bibi akachukua jembe lililokuwa limeegemea ghala, akatuongoza nyuma ya zizi. Kaburi lilikuwa fupi. Mvua zilikuwa zimeliotesha majani, na ungepita usingejua. Bibi akainama kuanza kupalilia, lakini mgongo wake ulikuwa mbaya, akapiga jembe mara moja tu, akabaki amelishikilia.

Mama akasogea. Akafungua vile vitambaa mikononi, kimoja kimoja, akavitia kwenye fundo la kanga.

"Lete jembe, mayu," akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kaa hapo upumzike."

Bibi akampa.